Mpe kazi ya kweli: jinsi ya kufunza watoto wadogo utamaduni mkipika pamoja

Watoto wengi wa tao wanajua utamaduni kama ile siku ya shule wanaambiwa wavae leso na shanga, wacheze ngoma kidogo, wapigwe picha, halafu warudi nyumbani kula chipo. Leso na shanga ziko na mahali pake, sikatai, lakini mtoto wa miaka 4 hashiki kitu kwa kuambiwa tu, anashika kwa mikono na pua na ulimi, na jikoni ndio mahali pekee nyumbani hizo tatu zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa hivyo huu mwongozo ni wa mzazi, ama mwalimu wa chekechea, ama shangazi ameachiwa watoto wikendi, uko Nakuru ama Kisumu ama Kakamega ama Busia ama Kisii, na unataka mtoto ajue kwao ni wapi na majirani wake ni akina nani bila kumkalisha chini kumhutubia.

Kitu moja nashikilia sana nitaisema saa hii ndio mengine yaeleweke. Mpe mtoto kazi ya kweli. Usimpe kidonge cha unga achezee kwa kona ndio akuache umalize kupika. Mpe kazi yenye asipoifanya mboga haiingii kwa sufuria, halafu mgojee, hata akichelewesha. Mtoto anajua vizuri sana wakati anatumiwa na wakati anapitishiwa muda, na ile ya kutumiwa ndio anabaki nayo. Hivyo ndivyo nyanya zetu walifunzwa, hakuna mtu aliwaita somo, waliitwa kuchambua mboga.

Hatua ya 1: Tafuta mtu kwanza, chakula baadaye

Wengi wetu tunaanza kwa kutafuta mapishi kwa simu. Wacha hiyo kwanza. Anza kwa kujiuliza ni nani kwa familia yenu alipika hiki chakula, na kama yuko hai mpigie, weka spika, mwache mtoto aongee mwenyewe. Kwa Waluo ni dani, kwa Waluhya ni kukhu, kwa Wakalenjin ni kogo, kwa Wakikuyu ni cucu ama shosho, mtoto amwite vile mnamwita kwenu. Na amsalimie kwanza vizuri, maswali baadaye, hiyo yenyewe tayari ni somo.

Maswali yawe mepesi. "Kukhu, ukiwa mdogo kama mimi ulikuwa unakula nini asubuhi?" "Nani alikuwa anapika?" "Wewe kazi yako ilikuwa gani?" Hilo la tatu ndilo tamu kuliko yote juu karibu kila nyanya ataanza kucheka na kusema nilikuwa nachota maji, nilikuwa nafukuza ndege kwa mtama, nilikuwa natoa maharagwe kwa maganda, na mtoto wako anasikia kwa mara ya kwanza kwamba huyu mzee aliwahi kuwa na miaka 5 na alikuwa na kazi.

Kama hakuna nyanya wa kupigia, mama mboga wa karibu na kwenu anatosha kabisa. Wengi wametoka ushago na wanajua kila jani vile linapikwa, na ukimuuliza kwa heshima wakati hana wateja wengi atakueleza mpaka ushangae.

Hatua ya 2: Nendeni soko pamoja, asubuhi

Nenda mapema mboga zikiwa bado na umande na watu hawajajaa. Kisumu nenda Kibuye, Nakuru nenda Top Market, ukiwa upande wa Vihiga soko la Luanda siku ya soko ni shule nzima. Beba kikapu, usibebe mtoto mgongoni kama ameshaanza kutembea vizuri, mwache aone meza kwa urefu wake.

Mpe pesa ya kitu kimoja tu, labda shilingi 20 ya mboga, na umwambie hii ni yako kununua. Amsalimie mama kwanza, aulize bei, apokee mboga kwa mikono miwili ama kwa mkono wa kulia. Aguse jani kabla hujalipa. Mrenda ni laini na likisagwa kwa vidole linateleza. Saga ina harufu kali na kashina kake kana vinywele. Managu yako na matunda madogo ya mviringo kwa yale mashina yamekomaa, hayo ya kijani mtoto asiweke mdomoni, mwambie mapema.

Mtoto atasikia mama mmoja akiuza fungu moja kwa majina mengi. Mteja mmoja anasema apoth, mwingine murere, mwingine mrenda, na wote wanapewa ile ile. Saga inaitwa tsisaga, dek, chinsaga. Managu inaitwa osuga kwa Waluo, rinagu kwa Wakisii. Usifanye iwe darasa, rudia tu majina mawili matatu mkitembea kuelekea stage na kesho yake utasikia akimwambia kaka yake.

Mwonyeshe pia gorogoro. Mahindi, maharagwe na omena, wale dagaa wa ziwa, vinapimwa nayo, na mtoto wa PP2, ule mwaka wa pili wa chekechea, anaweza kuhesabu na mama vile anajaza moja, mbili, halafu anaongeza ile ngumi ya mwisho juu. Hiyo ya juu ni ya ukarimu, mwambie ashukuru.

Hatua ya 3: Gawa kazi kulingana na mikono

Miaka 2 hadi 3: kuosha majani kwa karai, kutupa takataka za mboga kwa ndoo, kupeleka vijiko mezani. Atamwaga maji, weka kitambaa chini.

Miaka 4 hadi 5: kuchambua mboga, kuchagua mawe kwa maharagwe, kuponda viazi vikishapoa kidogo, kukoroga unga na maji baridi kabla haujaenda kwa moto.

Miaka 6 hadi 8: kuviringa chapati, kukata nyanya na kisu butu cha mezani, kupima unga na maji, kuandika ama kuchora kwa daftari.

Kwa usalama nitasema haraka lakini yashike. Jiko la makaa ama la kuni liko chini, mahali ambapo uso wa mtoto unafika, kwa hivyo chora mstari na chaki ama weka stuli ya kuzuia, na mstari usivukwe hata siku moja. Sufuria ya uji haishikwi na mtu mdogo. Jiko la makaa lisiwe kwa chumba kimefungwa. Njugu karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka 5, zinaweza kumkaba, ziponde. Na mikono inaoshwa na sabuni kabla na baada, na ukishika kuku mbichi unaosha tena hata kama umeosha saa hii.

Na wavulana waingie jikoni. Naandika hii kwa sababu bado kuna nyumba huku kwetu kijana akionekana na mwiko anaambiwa atoke. Utamaduni una wanaume wengi tu walijua chakula, wavuvi wanaochoma samaki ufuoni, wazee wanaochoma nyama, wachungaji waliokunywa maziwa ya kibuyu malishoni, kwa hivyo hakuna mila unavunja ukimpa mvulana wako bakuli la maharagwe achague.

Hatua ya 4: Anza na mrenda na kunde

Kama ungeniuliza chakula kimoja cha kuanza nacho huku Magharibi ningesema hiki, juu karibu kazi yote iko kwa majani na majani hayaumi mtu.

Kaeni chini kwa mkeka ama kwa stuli fupi, mboga katikati kwa ungo. Muonyeshe mara moja: unashika shina na mkono wa kushoto, unavuta jani moja moja na wa kulia, shina gumu linaenda kwa ndoo, jani linabaki kwa ungo. Kunde zinahitaji uangalifu zaidi, jani lililokomaa unalikunja katikati na kuvuta ule mshipa mgumu wa nyuma. Vidole vya mtoto vitachelewa. Wewe endelea tu na yako taratibu na hapo ndipo maongezi yanakuja bila kulazimishwa, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Mtoto atauliza.

"Kukhu, mbona hii unatupa?"

"Hiyo imezeeka mjukuu wangu, haiwezi kuiva. Mpelekee kuku."

Anakimbia kwa kuku, anarudi, anauliza nyingine. Usimkatize kwa kusema fanya haraka.

Kupika sasa. Chemsha vikombe viwili vya maji, weka magadi kidogo sana, robo kijiko cha chai inatosha kwa sufuria ya familia. Tia kunde kwanza zichemke kama dakika 10, halafu tia mrenda na chumvi, koroga kwa nguvu ndio iwe na ule mtelezo wake, dakika nyingine 10 hivi. Usifunike, magadi hufanya povu lipande na kumwagikia jiko. Ukitaka, malizia na maziwa ama simsim iliyosagwa. Mtoto hapa kazi yake ni kukujazia majani kwa bakuli wewe uyatie kwa sufuria, na kuangalia povu likipanda akwambie. Hiyo ya kuangalia povu mpe kwa sauti nzito, "wewe ndio askari wa povu," utaona vile atasimama.

Sasa kuna kitu naomba uwaonyeshe watoto kama una mzee anayejua kukifanya. Kabla magadi kuwa ya kununuliwa dukani, na hata leo nyumba nyingi za Kiluhya, munyu wa mboga ulitoka kwa majivu, wanauita musherekha. Maharagwe yakishapurwa, yale maganda na mabua makavu yanachomwa mpaka yawe majivu. Mzee anachukua mkebe uliotobolewa matundu madogo chini, anajaza majivu, anaweka juu ya bakuli, halafu anamwagia maji baridi polepole. Mwanzoni hakuna kitu kinatoka. Mtoto atakwambia imeharibika. Halafu tone la kwanza linaanguka, rangi ya chai ya rangi, halafu la pili, na hapo watoto wanakaa kimya wote wameinamia bakuli wanahesabu matone. Kwa hilo bakuli moja mtoto ameona kwamba maharagwe yanaliwa mara mbili, mbegu inakuwa kitoweo na ganda linakuwa munyu wa kulainisha mboga, na hakuna kilichotupwa. Lakini hiyo maji ni kali, inachoma ulimi na ngozi, mtu mzima ndio anashika na kupima, vijiko vichache tu kwa sufuria, na iliyobaki inawekwa kwa chupa juu kabisa.

Hatua ya 5: Nafaka, na ukweli kuhusu ugali mweupe

Weka bakuli nne mezani: mahindi, mtama, wimbi na mhogo mkavu. Mwache mtoto aingize mkono kila moja, anuse, amwage kutoka bakuli moja kwenda lingine. Wimbi ni dogo mpaka linapita kati ya vidole. Muulize gani ni mkubwa wa umri. Karibu wote watasema mahindi juu ndio wanaona kila siku, na hapo ndipo unamwambia hapana, huyu mahindi ndiye mgeni, alitoka mbali sana, bara la Amerika, akafikishwa pwani yetu wakati wa Wareno miaka ya 1500, na huku bara amekuwa chakula kikuu miaka ya juzi tu, karne iliyopita. Kabla yake ugali wa huku ulikuwa wa wimbi na mtama. Mhogo pia ni mgeni, kutoka bara la Amerika huko huko. Napenda sana hii kwa sababu inamfunza mtoto kwamba utamaduni unakula vitu vipya na kuvifanya vyake, haukushuka ukiwa umekamilika.

Kama kuna jiwe la kusagia ushago, lile Waluo wanaita pong', mpe mtoto konzi moja ya mtama asage dakika mbili. Atachoka. Halafu mpeleke poshomili aone gunia nzima ikiisha akiwa amesimama. Hatasahau.

Kwa mikono midogo uji ni rahisi kuliko ugali. Nusu kikombe cha unga wa wimbi, kikombe kimoja cha maji baridi, mtoto anakoroga kwa bakuli mpaka madonge yaishe, achukue muda wake wote, hapo ndipo uji mzuri unapatikana. Mtu mzima anachemsha maji vikombe vitatu, anamimina ule mchanganyiko huku akikoroga bila kuacha, moto unapunguzwa, dakika 10 inatokota. Ukitaka ule mchachu wa kienyeji, changanya unga na maji kwa bakuli, funika na kitambaa safi, weka mahali pa joto siku moja hadi mbili kabla ya kupika. Kila asubuhi mtoto afunue achungulie. Ataona vipovu, atasikia harufu imebadilika. Usimwambie mapema kitatokea nini.

Hatua ya 6: Omena, kama uko karibu na ziwa

Hii ni fupi. Nunua omena kavu, mwaga kwa sinia, watoto wachague mawe madogo na vipande vya makombe, suuza na maji ya moto mara mbili tatu, kaanga na vitunguu na nyanya. Lakini hadithi yake ifanye usiku. Ukiwa Kisumu mpeleke mtoto mahali anaona ziwa usiku usio na mwezi, aone zile taa nyingi kule mbali. Hao ni wavuvi, omena hufuata mwanga, wavuvi wanawasha taa ndio wakusanyike karibu na nyavu. Kesho yake akiona omena kwa sahani anajua kuna mtu hakulala.

Hatua ya 7: Sufuria ya jirani

Hii sehemu niko nayo moyoni zaidi juu naishi Nakuru. Hapa plot moja ina Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mjaluo, Mkisii, na tuliona Januari 2008, kwa zile vurugu za baada ya uchaguzi, kile kinaweza kutokea majirani wakiacha kujuana. Kwa hivyo ukimfunza mtoto chakula cha kwenu peke yake umefanya nusu. Na jihadhari na zile sentensi za "hao watu hula hivi," hata ukisema kwa kucheka. Mtoto wa miaka 5 anazibeba kama zilivyo na kuzipeleka shule.

Kitu kizuri cha kufanya ni mukimo wa Wakikuyu na mushenye wa Waluhya siku moja, mama wawili, watoto wa nyumba zote mbili. Mama mmoja anachemsha viazi, mahindi na majani ya malenge, huyo mwingine anachemsha viazi vitamu na maharagwe. Vikiiva na kupoa kiasi, watoto wanapewa miiko wanaponda, wa huku anaenda kuponda ya kule, wa kule anakuja huku. Mukimo unatoka kijani, mushenye unatoka na utamu wake wa viazi. Halafu kila mtoto anapeleka sahani kwa nyumba ya mwenzake, anabisha, anasalimia, anasema hii tumepika sisi. Kumbuka sahani ya jirani mara nyingi haitarudi tupu, na mtoto ataona hilo mwenyewe.

Kwa jirani Mkalenjin omba muonyeshwe sotet, kile kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuganda. Hii sio kitu cha kujaribu nyumbani kwa kuangalia vidio, inahitaji mtu anajua. Maziwa yanachemshwa yanapoa, kibuyu kinasafishwa na kupakwa ndani mkaa wa mti unaoitwa senetwet, ndio maana mursik ina ile rangi ya kijivu na harufu ya moshi, halafu maziwa yanakaa humo siku kadhaa. Watoto wengi wameshaona kwa TV wakimbiaji wetu wakifika uwanja wa ndege wanapewa kibuyu wanywe. Waambie hicho ndicho kile. Mwache ashike kibuyu kitupu anuse ndani, kama mwenye nyumba amekubali.

Na chapati msiisahau, juu mtoto ukimuuliza chakula cha Kenya atasema chapati kabla ya kitu chochote, na yuko sawa. Reli ilijengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 ikafika ziwani Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka wa 1901, na vibarua wengi walitoka India. Wao na wafanyabiashara waliowafuata walikuja na chapati na namna yao ya chai, na sisi tukavichukua tukaviweka kwa Krismasi na harusi na matanga mpaka saa hii hakuna sherehe bila hivyo. Mpe mtoto donge dogo la unga aviringe chapati yake ya ukubwa wa mkono wake, hata ikitoka na umbo la ramani, ichomwe na yeye ndiye aile.

Hatua ya 8: Kukaa na kula, hapa pia kuna somo

Kupika kukiisha wengi wanadhani kazi imekwisha. Bado. Mtoto apite na jagi na beseni akiwanawisha watu, akianza na mzee, mikono miwili, bila kumwaga kwa viatu vya mtu. Ajue kugojea mgeni apakuliwe. Ugali uliwe na mkono wa kulia, umfundishe kumega, kufinyanga kwa kiganja, kutoboa kishimo na kidole gumba ndio mboga ikae ndani. Huo ufundi wa kidole gumba watoto wanaupenda kabisa, watarudia mpaka ugali uishe.

Siku ya kuku mambo ni mengi zaidi. Kwa Waluhya ingokho ni heshima ya mgeni, na filigisi, imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba. Na zamani wanawake hawakuwa wanakula kuku wala mayai, kwa Waluhya na kwa Waluo pia. Binti yako akiuliza kwa nini usimfiche na usimpe jibu la haraka. Muulize kukhu mbele yake. Nyanya wengi wataeleza vile ilikuwa, wengine watasema vile walikuwa wanahisi wakipika kitu wasichoonja, na hapo mtoto anajifunza kwamba mila zina watu ndani yake, na watu wanaweza kukaa chini wakabadilisha kitu. Kwetu sisi tunagawa imondo vipande vidogo kila mtoto apate, na mzee anakula cha kwanza. Heshima imebaki na hakuna anayenyimwa.

Hatua ya 9: Daftari

Nunua daftari moja la kurasa 96, la familia. Mtoto mdogo anachora, mkubwa anaandika, wewe unajaza vipimo. Jina la chakula kwa lugha ya kwenu, nani alifundisha, kazi ya mtoto ilikuwa gani. Bandika jani lililokaushwa katikati ya gazeti. Hii sio mchezo wa watoto tu. Kenya ilianza 2007 kazi ya kuhifadhi vyakula vya kienyeji, mimea kama 850 ikaandikwa na majina yake ya kienyeji, na baadaye watoto wa shule za msingi wakahusishwa kukusanya habari za vyakula vya jamii zao, Waisukha wa Kakamega wakiwa kati yao. Mwaka wa 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo kwa orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Kwa hivyo mtoto wako akichora jani la mrenda kwa daftari anafanya kazi ile ile.

Akikataa kula je?

Atakataa. Managu ni chungu, mrenda unateleza, omena ina macho. Usimlazimishe na usimwite mtoto wa tao mbele ya watu, hiyo aibu ataiunganisha na chakula cha kwenu miaka mingi. Mwambie aonje kijiko kimoja cha kile alichochambua mwenyewe, akikataa weka pembeni, rudi nacho wiki ijayo. Uchungu wa managu na saga unapungua ukichemsha, ukamwaga maji ya kwanza, halafu ukalaza mboga na maziwa usiku mmoja ndio uipashe moto kesho. Hivyo ndivyo inavyofanywa Kisii na kwa Wakalenjin, na watoto wengi wanaikubali hiyo ya siku ya pili. Pia changanya, managu na kunde, saga na majani ya malenge, kidogo kidogo.

Na kama kuna nafasi hata ya gunia moja kwa veranda, panda. Jaza udongo na mbolea ya ng'ombe iliyooza, acha safu ya mawe katikati ya kupitisha maji, mtoto atawanye mbegu za saga juu, mfunike na udongo mwembamba tu juu zikizama sana hazioti. Mwagilia asubuhi na jioni na kopo lililotobolewa. Wiki kama 4 hadi 6 mtaanza kuchuma. Achume ncha za juu tu ndio ichipue tena pembeni, na shina moja lenye nguvu liachwe lizae, maganda yakianza kukauka na kuwa ya manjano ayakate kabla hayajapasuka, ayaweke kwa karatasi, ayaandike jina, na nusu ya hizo mbegu apelekee yule mtoto wa nyumba ya pili.